Kinyozi Aliyeogopa Wembe

Wateja walimsifu Mwepesi kwa jambo ambalo, laiti wangelijua chanzo chake, wangetimua mbio na shuka za saluni shingoni. Walisema hakuna kinyozi anayejali kama yeye. Ukitoka kwake, kabla hujafika nyumbani, simu inaita: "Hujambo kaka, shingo inaendeleaje? Haiwashi? Hakuna mahali panavuja?" Karani mmoja mwenye maneno mengi, mteja wake wa siku nyingi, aliwasimulia wenzake ofisini kwamba hata mke wake hajawahi kumpigia simu kuulizia shingo. Watu wakacheka, wakaja kunyolewa, biashara ikanoga. Mwepesi mwenyewe akishakata simu alikaa juu ya ndoo nyuma ya saluni, akitetemeka mwili mzima.

Alikuwa anapiga kuhakikisha kwamba hajawaua.

Hebu tulia nikueleze, maana jambo hili likielezwa ovyo linatisha kuliko lilivyo, na lilivyo tu linatosha.

Jina la Mwepesi alipewa na wateja kwa ajili ya mkono wake. Wembe wake ulipita shavuni hata usijue umepita. Siku moja mchana kweupe, saluni imejaa, redio inabwabwaja, alikuwa anamalizia shingo ya yule Karani. Kichwa kimelala nyuma, koo liko wazi, kongoromeo linapanda na kushuka kila Karani anapocheka. Ndipo wazo likaja. Halikuja na hasira wala sababu. Lilikuja tu, kwa sauti ya kawaida, likasema: Kata.

Mwepesi akaganda. Karani akamuuliza kama amesinzia. Akasema hapana, akamalizia kazi kwa mashine, akaenda uani akatapika.

Wewe na mimi tunapitiwa na upuuzi wa namna hiyo kila leo. Umesimama ghorofani, kitu kinakuambia ruka; unajicheka, unarudi ndani kuendelea na shughuli zako. Mwepesi hakuweza kucheka. Alijiuliza, mtu na akili zake anawezaje kuwaza vile kama si muuaji? Na kadiri alivyojiuliza ndivyo wazo lilivyonenepa. Likawa linampokea asubuhi akifungua mlango, linashinda naye, linamsindikiza kwake jioni.

Akabuni kinga. Nyembe zote akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo akalifunga kamba, kamba akaitia mafundo, akalipandisha juu ya kabati. Alinusa mikono yake kutafuta harufu ya damu. Mteja akitoka, alichungulia dirishani mpaka amwone anavuka barabara kwa miguu yake mwenyewe, na bado jioni alimpigia. Akijibiwa "niko salama" alipata raha ya muda wa kumeza mate, halafu swali linarudi: na kama aliyejibu ni mtu mwingine? Ebo! Ujue hapo mtu kaumwa.

Kwa wateja alisema siku hizi ni mashine tu, wembe umepitwa na wakati. Mwenzake wa kiti cha pili, mtu wa masihara aliyeitwa Kipara kwa kuwa ni kinyozi asiye na unywele hata wa dawa, akamtania: "Mwepesi, mkono umekuwa mzito au macho yamechoka? Sema tukuchangie miwani." Saluni ikaangua kicheko. Mwepesi akacheka nao, na kile kicheko kilimuuma kuliko tusi.

Hayo ya saluni angeyamudu. Yaliyomvunja ni ya nyumbani.

Aliyemfundisha kazi ni baba yake, kinyozi wa enzi za wembe na mkanda wa kunolea. Mzee alifundisha kwa puto. Unalipuliza, unalipaka povu, unalinyoa mpaka povu liishe. Likipasuka, povu lote linakurukia usoni, mzee anacheka hana mbavu, unaanza upya. Sasa mzee huyo alikuwa kitandani. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikachukua mkono, mguu na karibu maneno yote. Kikamwachia mkono wa kushoto, macho makali, na vineno vichache vinavyotoka vimepinda.

Alilazwa chumba cha mbele nyumbani kwa dada mkubwa wa Mwepesi, mjane anayeshona mapazia, na kila mwisho wa juma Mwepesi alikwenda kumnyoa. Ilikuwa saa yao wawili. Mzee aliyekuwa akilishwa, akivishwa na kugeuzwa kitandani, kwa saa ile alikuwa mteja, tena mteja mkorofi, anaonyesha kwa kidole mahali palipobaki unywele.

Kisha Mwepesi akaacha. Mara mgongo unauma, mara saluni imejaa, mara kesho. Ndevu za mzee zikaota, zikafunika kidevu, zikashika maziwa na udenda. Dada alijaribu kuzipunguza kwa mkasi wake wa kazi, mzee akamzaba kofi la mkono. Kinyozi mzima kukatwa ndevu na mkasi wa mapazia! Akageukia ukutani. Akawa hataki kula wageni wakiwepo. Baadaye akawa hataki kula hata wageni wasipokuwepo, na mashavu yakaanza kubonyea ndani ya zile ndevu.

"Unamwonea kinyaa baba," Dada alimwambia Mwepesi siku moja barazani, sauti chini. "Sema tu. Umezoea mashavu ya watu wanaonukia, huyu ananuka dawa. Wala usilete mambo ya mgongo hapa."

Mwepesi akainamisha kichwa, akamwacha aamini hivyo. Afadhali kuonekana mtoto asiye na shukrani kuliko kusema ukweli, kwamba katika shingo zote za mji ule, wazo lilikuwa limeichagua ile ya baba yake. Alikuwa na hakika kwamba akiingia chumba kile na wembe, atatoka muuaji.

Alikwenda kwanza kwa mshauri mmoja wa karibu, mtu mwema, akamsimulia nusu nusu kwamba ana mawazo mabaya. Mshauri akamwambia kila wazo likija alifukuze: ajipige kibao cha mkono, aseme "toka!" Basi Mwepesi akawa anashinda anajipiga vibao na kusema toka, na wateja wanainuka kutoka kweli. Wazo nalo likazidi kutia nanga.

Katika kupekua simu ndipo alipokuta habari za ugonjwa wenye jina refu, ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kujikinga visivyokwisha. Akasoma juu ya mama anayeogopa kumdondosha mwanawe makusudi, juu ya dereva anayerudi njia nzima kutazama kama amemgonga mtu. Nywele zikamsimama. Kumbe tuko wengi! Waliosomea kuutibu walikuwa wa kuhesabika, mjini kwake hakuna hata mmoja, lakini kulikuwa na mwanamama wa mbali anayetibu kwa simu ya video. Akaandika ujumbe, akafuta. Akaandika tena, akautuma kabla mkono haujageuka.

Kikao cha kwanza alikifanyia stoo, kati ya taulo na makatoni ya mafuta ya nywele, mlango kaufunga kwa ndani. Kijasho chembamba kinamtoka. Alishamwona kichwani mwake yule daktari akinyanyua simu nyingine kuwaita polisi. Kwenye kioo cha simu akatokea mama wa makamo, miwani imeshuka puani.

"Nina mawazo ya kuwakata watu koo," alisema, akafumba macho. "Na mimi ni kinyozi."

Akasubiri.

"Wembe wenyewe ni wa kukunja au hizi za kutupa?" Daktari akauliza.

Akafumbua macho. "Wa kukunja."

"Na sasa uko wapi?"

"Kwenye kopo. Nimelifunga kamba."

"Pole sana kaka," Daktari akasema. "Umepata tabu peke yako siku nyingi."

Mwepesi akalia pale pale, akajifutia taulo safi za wateja.

Daktari akamweleza taratibu. Wazo si nia. Ingekuwa nia, isingekutapisha. Ugonjwa huu unamshika mtu pale anapopapenda zaidi: kama ni mama, mtoto, kama ni kinyozi mwenye mkono mwepesi, shingo. Mwepesi alikuwa anayanywa yale maneno. Mwisho akaomba lile aliloliendea. "Kwa hiyo unaniambia sitamkata mtu?"

"Sikuambii hivyo," Daktari akajibu. "Nikikuambia leo, leo utalala vizuri. Kesho utanipigia nikuambie tena. Sitaki kuwa kopo lako jingine."

Dawa, alisema, ni kulisogelea lile unaloliogopa, hatua kwa hatua, na likija wazo uliache liseme, usilikimbie, usilijibu. Hakuna kupiga simu za jioni. Hakuna kunusa mikono. Hakuna kuchungulia dirishani.

"Na nikikata kweli?"

"Huenda. Huenda na mimi nikateleza ngazi za hapa nikavunjika. Twende kazini."

Mwepesi alimchukia siku ile. Nusura azime simu.

Hakuizima. Akalishusha kopo kabatini, akafungua mafundo mbele ya Daktari, akashika wembe mpaka vidole vikafa ganzi, na Daktari akiuliza tu, "Hofu iko wapi sasa? Kifuani? Iache hapo hapo." Akapuliza puto, akalipaka povu, akalinyoa akitetemeka, likapasuka pwaa, na Kipara akagonga mlango wa stoo: "Mwenzangu, humo ndani kuna arusi?" Akanyoa mkono wake mwenyewe. Wembe akawa anatembea nao mfukoni kutwa, kwa amri ya Daktari. Ikafika siku akamng'arisha Kipara kisogo kwa wembe, bila kumweleza kitu, na jioni hakumpigia simu. Aliikalia ile simu, kuikalia kweli kweli, mpaka paja likafa ganzi.

Kisha Daktari akampa kazi ngumu kuliko zote: aisimulie hofu yake ya baba kama jambo lililokwisha tokea, bila kuipamba, airekodi kwa sauti yake, aisikilize kila siku mpaka imchoshe. Mwepesi aliirekodi huko huko stoo. Siku za mwanzo kila akiisikiliza alishika ukuta. Baadaye akawa anaisikiliza kwa zile hedifoni ndogo zisizo na waya, huku anakunja taulo. Alikuwa anapona, jamani. Alishaanza hata kumwambia Daktari kwamba karibu atakwenda kwa mzee.

Hapo ndipo lilipotokea la kutokea.

Ilikuwa siku ya wateja wengi, watu wamebanana kwenye benchi. Juu ya kioo kikubwa kulikuwa na spika ya muziki, ambayo ikiwashwa hudaka simu yoyote iliyowahi kuunganishwa nayo. Kipara alikuwa ameizima aipanguse vumbi. Mwepesi yuko stoo, hedifoni masikioni, kabonyeza sauti yake ianze, na huku nje Kipara akaiwasha spika. Masikioni mwa Mwepesi kukawa kimya. Akadhani simu imepungua sauti. Akaongeza. Akaongeza mpaka mwisho.

Huko saluni, juu ya kioo, sauti yake ikaanza kunguruma, taratibu, wazi, haina haraka: "Nashika wembe. Baba amelala chali, ananiamini. Naweka wembe kooni. Nakata. Damu inaruka ukutani. Dada anaingia, anapiga yowe. Siku zote nilijua mimi ni mtu wa namna hii..."

Mwepesi aliisikia sauti yake ikitoka upande wa pili wa mlango. Akakurupuka, akatoka. Watu walikuwa wameganda. Mama mmoja alimkumbatia mwanawe kichwa. Karani alikuwa kwenye kiti cha Kipara, povu nusu ya uso, macho yamemtoka pima. Mwepesi akapapasa simu, vidole havina nguvu, simu ikamponyoka ikateleza chini ya kabati, na huko juu sauti ikaendelea: "Nafuta wembe kwa taulo..." Kipara akapanda kiti, akaing'oa spika ukutani na waya wake.

"Ni dawa," Mwepesi akasema. "Ile ni dawa."

"Dawa ya nini?" Karani akauliza, mkono umeshika koo. Halafu uso ukambadilika, ukionyesha kabisa kwamba amekumbuka. "Mungu wangu! Ulikuwa unanipigia simu kuniulizia shingo!"

Akatoka na povu lake. Benchi zima likamfuata, wengine hawakuchukua hata kofia zao. Kipara peke yake alibaki. Alijipapasa kisogo, akamwambia Mwepesi bila kumtazama, "Nenda nyumbani, mwenzangu. Leo nenda tu."

Mwepesi hakwenda kwake. Alijua habari zina miguu, akataka azitangulie, lakini wapi! Alipofika kwa Dada alimkuta amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, mkasi mkononi, kaujaza mlango wote.

"Ni kweli?"

"Dada, nisikilize kwanza."

"Ni kweli umetangaza kwenye spika kwamba unamchinja baba?"

"Sauti ni yangu. Lakini ni matibabu. Naumwa, Dada. Sikumwonea baba kinyaa hata siku moja."

Akamwambia yote pale barazani. Wazo, kopo, simu za jioni, Daktari, rekodi na maneno yake. Dada alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso ulivyokuwa unalegea, mpaka Mwepesi akaona machozi. Alipomaliza, Dada akajifuta kwa kiganja.

"Mimi nimekubeba mgongoni," akasema. "Apa. Apa hapa hapa kwamba hutamdhuru, nitakuamini, utaingia."

Jamani, alitaka kuapa! Ulimi ulikuwa tayari. Angeapa kwa uhai wake, kwa kaburi la mama yao, kwa chochote alichotaka Dada. Na alijua kitakachofuata: nafuu kidogo, kisha swali, kisha kuapa tena, na kesho tena, mpaka Dada naye awe ndani ya ugonjwa anafunga mafundo pamoja naye.

"Siwezi kuapa," alisema. "Kuapa ndiko kunakoniua. Sitamwapia mtu tena."

"Huwezi?" Rangi ikamtoka Dada. "Mtu anashindwa kuapa kwamba hatamuua baba yake, halafu nimpishe mlangoni?"

Na ukimtazama Dada, kosa lake nini? Hebu jiweke pale na mkasi wako.

Mwepesi akampigia Daktari kwa video. Haikuwa siku ya kikao lakini alipokea, na Dada akainyakua simu kabla ndugu yake hajafungua mdomo. "Wewe ndiye unayemfundisha kurekodi mambo haya?"

"Ndiye mimi, dada yangu. Na pole kwa yaliyokufika leo."

"Sitaki pole. Nataka unihakikishie huyu hatamdhuru baba."

Daktari akaipandisha miwani iliyomshuka puani.

"Hakikisho sina," Daktari akasema. "Sina la mtu yeyote, hata lako wewe unayemlisha na kumgeuza mzee kila siku. Nina ninachokijua kwa kazi yangu: mtu anayeogopa namna hii mimi simwogopi. Ningekuwa namwogopa, ningekuambia ufunge mlango, tena upesi."

"Basi mimi naufunga," Dada akasema.

Akaushika mlango. Ndipo ukuta ukaanza kugongwa.

Walitazamana. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa pale pale barazani, pazia limefungwa lakini vioo wazi. Kiganja kiligonga tena, kizito, cha mtu aliyechoka kusubiri. Mzee alikuwa amesikia yote. Amesikia lile "kata", amesikia damu ukutani. Siku zote Mwepesi aliogopa kwamba atamuua baba yake. Haikuwahi kumpitia kwamba baba yake anaweza kujua. Akashika nguzo ya baraza.

Dada akakimbilia ndani. Mwepesi akamfuata mpaka kizingitini, akaishia hapo. Mzee alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Ndevu zimemjaa, zimegandamana na maziwa, na macho juu yake yanawaka. Akainua kidole cha kushoto, akamwonyesha Mwepesi. Kisha akajionyesha ndevu.

"Baba, huyu anaumwa," Dada akasema. "Umesikia anayoyawaza?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa hasira: ndiyo, kasikia, yeye si kiziwi. Kidole kikarudi. Mwepesi. Ndevu. "Sa... hivi," akasema.

Kutoka kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Dada, Daktari akauliza, "Kaka, upo? Hatua hii tulikuwa hatujaifikia. Unataka kusubiri?"

"Nataka kukimbia."

"Hilo najua. Nimeuliza kama unataka kusubiri."

Mwepesi akaitazama mifupa ya mabega ya baba yake chini ya shuka. "Hapana," akasema.

"Basi mimi nakaa kimya. Usiniulize kitu, sitakujibu."

Dada hakusema ndiyo wala hapana. Alileta beseni la maji ya moto, sabuni na taulo, akaiegemeza simu kwenye chupa ya dawa dirishani, akasimama miguuni mwa kitanda na mkasi wake. Alitaka kufanya nini na ule mkasi sijui, na nadhani mwenyewe hakujua.

"Nipe huo," Mwepesi akamwambia. "Wembe hauwezi ndevu ndefu. Lazima nizipunguze kwanza."

Dada aliutazama mkasi, akamtazama ndugu yake. Ilikuwa kitambo kabla hajaunyoosha mkono. Mzee naye aliuangalia mkasi wa mapazia kwa dharau, akavumilia.

Nywele zikaanguka kwenye taulo. Mwepesi akapaka povu. Akautoa wembe mfukoni, akaukunjua, na wazo likaja pale pale, lina nguvu kuliko siku zote. Kata. Hapa. Sasa. Mkono ukawa wa mtu mwingine. Akajiambia usijibu, usijibu, kisha akakumbuka kwamba hata kujiambia hivyo ni kujibu, akauweka wembe shavuni, akavuta.

Alinyoa shavu la kushoto lote anapumua kwa mdomo. Wazo halikunyamaza hata kidogo. Akahamia upande wa kulia, upande uliokufa, ambako nyama imelegea haisaidii kinyozi. Akashuka taya. Akafika shingoni. Mshipa wa baba yake ulikuwa unapiga chini ya povu, ule ule alioukata kila siku kwa sauti yake mwenyewe. Jasho likamwingia jichoni, akapepesa.

Povu likawa jekundu.

Kilikuwa kijikato cha kawaida, cha kinyozi yeyote, lakini Mwepesi aliona ukuta, aliona damu ya kwenye rekodi, aliona kwamba imeanza. Akarudi nyuma, wembe juu. Akaitazama simu: Daktari alikuwa pale, anamwangalia, midomo imefungwa. Akamtazama Dada: Dada kajiziba mdomo kwa mikono miwili. Swali lilishafika kwenye meno. Baba, nimekuumiza? Baba, uko salama? Niambie uko salama.

Akalimeza. Lilimkwaruza likishuka.

Mzee akainua mkono wa kushoto. Ulipanda polepole, ukamshika mwanawe kifundo cha mkono wenye wembe, ukauvuta chini, ukaurudisha kooni pale pale penye damu. Halafu ukauachia. Akanyanyua kidevu.

Dada alishusha mikono. "Hilo wazo," akauliza, "lipo sasa hivi?"

"Lipo."

"Sasa hivi hivi unavyoongea na mimi?"

"Halijanyamaza tangu nimeingia."

Akamtazama ndugu yake kwa muda. Akamtazama baba yake, uso nusu safi, nusu povu, kidevu juu, anasubiri. Kisha akainama, akalichukua beseni.

"Maji yamepoa," akasema. "Nakwenda kuchemsha mengine." Akaikwapua na simu dirishani. "Na wewe mama twende, ukanieleze vizuri huko jikoni."

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua. Mwepesi akasikia kandambili za Dada zikivuka ua na kupotea. Akavuta ngozi ya shingo ya baba yake kwa kidole gumba, akaendelea kunyoa.